Alhamisi za Mama Samiha

Sauti ambayo Mwamvua hakuisahau maisha yake yote ilikuwa ya karatasi nzito ikigeuzwa: mlio mfupi, kama wa kanga mpya inayokung'utwa kabla ya kuanikwa, kisha kimya, kisha pumzi ya mtoto aliyeshangaa. Aliisikia mara ya kwanza jikoni kwa watu, huko Raskazone mjini Tanga, mikono yake ikiwa ndani ya povu. Mtoto aliyeshangaa alikuwa wake, Samiha, wa miaka saba, amekaa juu ya gunia lililokunjwa karibu na mlango.

Mwamvua alikuwa akifua na kupiga pasi katika nyumba ya mhandisi mmoja wa kigeni. Alitoka Nguvumali kwa miguu asubuhi, akarudi alasiri. Samiha alizaliwa na ugonjwa wa damu, ule unaomkamata mtoto kwenye viungo, ukamwachia siku mbili tatu, ukarudi tena. Na siku aliposhindwa kwenda shule mama yake alimbeba mgongoni akaenda naye kazini. Mke wa mhandisi alikuwa mwalimu wa kuchora huko kwao. Alipomwona mtoto amejikunja pale chini alileta sanduku bapa, akalifungua, akaanza kumgeuzia picha moja baada ya moja. Zilikuwa thelathini na mbili. Si picha zenyewe, alieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ila nakala. Zenyewe ziko Ulaya na Japani, na watu hupanga foleni kuziona.

"Wakishaziona wanapewa nini?" aliuliza Mwamvua. Foleni alizozijua yeye zilikuwa za sukari, sabuni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano.

"Hawapewi kitu."

"Basi hao wana nafasi," alisema, akarudi kwenye karai lake.

Lakini siku ile mtoto hakulia maumivu mpaka adhuhuri, na hilo Mwamvua aliliona.

Mwaka 1982 mkataba wa mhandisi ulikwisha, wakaondoka. Sanduku lile mama wa kigeni alimkabidhi Samiha mwenyewe, mikononi, kama anavyokabidhiwa mtu mzima. Mwaka uliofuata serikali ilipoanza kuwasaka walanguzi, mji mzima uliingiwa na woga; waliokuwa na vitenge vya dukani walivifukia, waliokuwa na mafuta ya kupikia waliyamwaga chooni. Mwinyijuma, mumewe Mwamvua, kuli wa bandarini aliyepakia marobota ya mkonge, alilitazama sanduku kwa jicho baya.

"Hili dude la kizungu litatuponza. Wakija kupekua tutawaambia nini?"

"Tutawaambia picha."

"Nani atakubali kwamba mtu ana picha thelathini na mbili na hana kipande cha sabuni?"

Walilisukuma chini ya kitanda, nyuma ya mtungi. Siku za maumivu Samiha alilivuta kwa mguu, akazipanga picha juu ya mkeka, akazisemesha.

Alipofika darasa la nne alirudi siku moja kutoka shule, akakaa bila kuvua sare.

"Mama, wanasema mimi mwongo."

"Nani?"

"Wote. Nimewaambia nina picha ya wimbi kubwa kuliko msikiti. Wakasema nikilala nyumbani huwa naota. Chiku peke yake ndiye aliyesema huenda ni kweli." Chiku alikuwa mtoto wa nyumba ya jirani. "Zipeleke wewe, mama. Mimi nikizibeba mkono utauma."

Ndivyo Mwamvua, aliyejifunza kusoma ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, alivyojikuta mbele ya Mwalimu Mkuu na sanduku kichwani.

"Zinafundisha nini?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Sijui, Mwalimu. Zinatazamwa."

Mwezi mzima shule haikuwa na chaki, na watoto waliandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Mwalimu Mkuu aligeuza picha mbili tatu, akakuna kidevu.

"Somo lisilotaka chaki wala daftari," alisema, nusu akicheka, "mimi nani hata nilikatae? Alhamisi, baada ya mapumziko, nusu saa."

Mwalimu wa darasa alikuwa Praxeda, binti wa Kibondei kutoka Muheza, mpole, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo. Aliona haraka kwamba Mwamvua ni mfupi na watoto wa nyuma hawaoni kitu, akatafuta mzazi mwingine wa kushika picha. Alijitolea Idarusi, fundi cherehani wa mtaa wa Usagara, ambaye mwanawe Rahimu alikuwa darasa lile lile. Alikuwa mrefu kama mlingoti, na mwaka ule hakuwa na kitambaa cha kushona hata kiraka.

"Nifanyeni msumari," alisema akiingia. "Tundikeni."

Mwamvua hakujua kufundisha. Alijua yale machache aliyoambiwa jikoni: huyu Mholanzi, huyu Mjapani, wote wamekufa zamani. Kwa hiyo alifanya kama alivyofanya yule mama wa kigeni. Aligeuza karatasi, akanyamaza, akangoja.

Walipoonyeshwa wawindaji wanaorudi na mbwa wao juu ya kilima cheupe, mtoto mmoja alipiga kelele, "Chumvi! Wako mashamba ya chumvi!" Nusu ya darasa ikakubali, maana wengi walikuwa na wajomba waliofanya kazi ya chumvi upande wa Mkinga.

"Mbona wamevaa makoti?" Rahimu aliuliza.

"Chumvi inawasha, we hujui?"

Mwamvua aliwaambia hiyo ni theluji, maji yaliyoganda. Hawakufurahi. Waliona chumvi ina maana zaidi. Wimbi la Mjapani, lenye vidole vya povu, liliwanyamazisha wote, na waliomwita Samiha mwongo wakatazama chini. Ndipo Chiku aliposema kwamba watu wa zile mashua walitoka bila kuuliza bamvua, siku ambazo maji hujaa kupita kiasi. Na ilipofika picha ya jozi ya viatu vikuukuu, vilivyofunguka kamba, Idarusi alikitoa chake mguuni akakiinua.

"Kama vile vimechorwa, hiki nacho nikipeleke Ulaya kikapangiwe foleni!"

Lakini waliyoipenda kuliko zote ilikuwa picha ya mtumishi wa jikoni, mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani, anamimina maziwa bakulini. Hakuna jingine linalotokea. Maziwa yanashuka kama uzi, naye anayatazama.

"Tangu Alhamisi iliyopita anamimina," alisema Rahimu, "na bakuli halijai!"

"Litajaaje," baba yake akamjibu, "na nyinyi mmelitolea macho hivyo?"

Darasa likacheka mpaka Mwalimu Praxeda akaziba mdomo. Samiha, aliyekaa dawati la mbele pamoja na Chiku, hakucheka. Aligeuza shingo, akawatazama waliomwita mwongo, mmoja mmoja, bila haraka, kisha akarudisha uso mbele.

Masika ya 1985 maumivu yalimjia na homa, yakakataa kumwachia. Siku hizo mgonjwa alikwenda hospitali na shuka lake, sindano yake na mafuta ya taa yake. Ilitakiwa damu. Mwinyijuma alitoa, Idarusi alitoa, Mwamvua aliambiwa yeye mwenyewe hana ya kutosha. Samiha alifariki siku ya Jumanne kabla ya adhuhuri, akazikwa alasiri ile ile, mvua ikinyesha. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Hitima ya siku ya tatu ilisomwa, mikeka ikakunjwa, watu wakarudi makwao. Alhamisi ya wiki iliyofuata Mwamvua alivaa buibui lake, akaliinua sanduku.

"Unakwenda wapi?" Mwinyijuma alimuuliza. Alikuwa amekaa kizingitini, hajanyoa tangu msiba.

"Shule."

"Kufuata nini, Mwamvua? Huna mtoto shule."

"Leo Alhamisi," alisema, akampita.

Mtaani watu walimhurumia, na huruma yao ilikuwa na desturi yake: waliacha kumwita Mama Samiha. Kulitaja jina la marehemu mbele ya mzazi wake, walisema, ni kumtonesha kidonda. Kwa hiyo akawa Bi Mwamvua dukani, Bi Mwamvua bombani, Bi Mwamvua harusini. Hakumlaumu mtu, ila kila alipoitwa hivyo aliona kama wanaongeza mchanga juu ya kaburi. Darasani tu ndipo watoto waliposimama wote kwa pamoja na kusema, "Shikamoo, Mama Samiha," kwa sababu hawakujua jina lake jingine.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote. Idarusi aliposhika picha juu na macho yote yakamfuata, Mwamvua alikaa pembeni penye dirisha, akawatazama watoto. Chiku hasa. Chiku na Samiha walizaliwa mwezi mmoja wa Mfungo Sita, nyumba ya tatu na ya nne, na siku zote walikuwa kimo kimoja. Kwa Chiku aliweza kujua. Sasa Samiha angekuwa ameota meno yote. Sasa sketi ingemfupia, ingebidi kufumua upindo. Sasa angeanza kukumbatia daftari kifuani anapotembea, na kufunga ushungi bila kukumbushwa. Mtoto wake aliendelea kukua mle ndani, nusu saa kwa wiki, na zile picha ndizo zilizokuwa ruhusa ya mama kuingia kumwona.

Darasa la tano likawa la sita. Mwalimu Praxeda alimwomba awaonyeshe na wadogo wa la tatu.

"Hapana, Mwalimu. Hawa hawa."

Praxeda aliitikia kwa kichwa, akamfungulia mlango wa darasa. Asmaa, jirani wa Mwamvua, ndiye asiyekuwa na kizuizi cha ulimi.

"Bibi we! Picha zile zile, watoto wale wale, mwaka wa tatu huu! Si wamezijua kuliko nyuso za mama zao?"

"Kila wiki wanaona kipya," Mwamvua alijibu, na hakusema uongo, ingawa hakuwa akisema juu ya watoto.

Mji nao ulikuwa ukigeuka. Marobota ya mitumba yaliingia, sabuni za rangi zikarudi rafuni, na redio ndogo zikapiga kelele katika kila baraza. Mkonge ulipungua bandarini na Mwinyijuma akapunguzwa pamoja nao. Cherehani ya Idarusi, iliyokuwa imefunikwa turubai, ilianza kulia kutwa nzima: kupunguza suruali za watu wanene wa mbali ziwaenee watu wembamba wa Tanga. Hata hivyo Alhamisi hakukosa. Alikuja na tepu shingoni, akawa msumari.

Mwanzoni mwa 1987, watoto wakiwa la saba, Mwamvua aliitwa Maramba kumuuguza shangazi yake, akakaa wiki tatu. Sanduku aliliacha kwenye kabati la darasa, kwa sababu bati la nyumbani lilivuja. Wiki ya pili ilikuja habari kwamba mkaguzi anakuja. Madaftari sasa yalipatikana, na Mwalimu Mkuu alitangaza mstarini kwamba kila daftari la mwanafunzi wa la saba lijalidiwe kwa karatasi ngumu; ambaye daftari lake liko uchi arudi kwao.

Karatasi ngumu ilikuwa adimu. Watu walibandua kalenda za zamani ukutani, na asiye na kalenda alihangaika. Rahimu alirudi nyumbani analia. Idarusi alikwenda shule, akalifungua kabati la darasa, akaona mende wameanza kula pembe za picha, akasimama akafikiri. Nyumbani kwake msahafu ulijalidiwa kwa kipande cha hariri alichobakiza kwenye kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona. Kitu unachokithamini unakivika kizuri ulicho nacho. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Na picha zile kukaa gizani siku sita ili zionekane nusu saa, si dhuluma? Mwalimu Praxeda wiki ile alikuwa kwao Muheza, amefiwa. Hakukuwa na wa kumwambia subiri.

Alifanya kazi Jumamosi nzima, bila kupokea suruali ya mtu. Alipima kwa tepu, akachora mstari kwa chaki ya fundi, akakata kwa mkasi mkubwa, akagundisha kwa uji wa muhogo. Madaftari ya darasa zima. Alijitahidi mkasi usipite usoni mwa mtu.

Mwamvua alirudi Jumatano jioni. Alhamisi, baada ya mapumziko, alikuwa mlangoni mwa darasa, na Idarusi alikuwa amemtangulia, uso wake umeshindwa kuficha furaha.

"Usiingie kwanza, Mama Samiha! Simama hapo hapo. Haya, jamaa!"

Watoto walisimama. "Shikamoo, Mama Samiha!" Kisha mikono yote ikainua madaftari juu.

Aliona mbwa bila wawindaji. Aliona vidole vya povu, na dawati la nyuma yake mashua. Aliona kiatu kimoja. Kitambaa cheupe cha yule mtumishi kilikuwa kwenye daftari la Chiku la Hisabati, pamoja na uso na mkono ulioshika mtungi; bakuli lilikuwa kwa Rahimu, dawati la tatu. Uzi wa maziwa ulikatwa katikati, umenyooka, kazi ya fundi hodari.

Darasa lilingoja. Idarusi aling'ata mdomo, anangoja.

"Marahaba," alisema Mwamvua. "Mmependeza. Kaeni."

Alitembea hadi kabatini. Sanduku lilikuwa mahali pake, tupu, limefutwa vumbi. Alikuwa bado amekishika kifuniko Mwalimu Mkuu alipoingia, mchangamfu.

"Umeona, Bi Mwamvua? Mkaguzi amesifu mpaka akachukua moja kumwonyesha dereva wake! Sasa, hii nusu saa yako tunaitia kwenye Hisabati. La saba hili, mtihani hautanii, na picha zenyewe zimekwishapata kazi. Umetusaidia sana. Ukipata nyingine, mwakani nitakupa la tatu."

"Ahsante, Mwalimu."

Alitoka, akakaa kwenye ngazi ya baraza la shule. Idarusi alimfuata, ile furaha ilikuwa imemtoka.

"Nimekosea," alisema. "Niambie kama nimekosea."

"Umejalidi vizuri, Fundi."

"Usinisemeshe kwa upole, nitukane! Mimi niliona zinaliwa na mende mle, nikasema bora kila mmoja awe nayo mkononi. Nitazibandua zote. Nitaziunga, mimi fundi, hutaona mshono."

"Karatasi haishonwi."

"Nitagundisha."

"Waache. Wamefurahi."

"Sasa Alhamisi utakuja na nini?" aliuliza, na alipokwisha kuuliza aliuona uso wa Mwamvua, akaelewa kwamba hapo ndipo mkasi ulipopita. Aliivua tepu shingoni, akaizungusha vidoleni, akaifungua, akaizungusha tena. Mwishowe aliitia mfukoni. Aliondoka ameinama, mtu mrefu vile, akapita uwanjani bila kuwaitikia watoto wa la kwanza waliomwamkia.

Ndani Mwalimu Mkuu alianza Hisabati mwenyewe, na darasa likaitikia kwa sauti moja. Mwamvua alijiambia atainuka jibu likitoka. Jibu lilitoka, likaja swali jingine, naye hakuinuka.

Mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa Chiku, ameomba ruhusa ya kwenda msalani. Mkononi alishika jalada, bado bichi kwa maji ya kunywa aliyolilowanisha nayo chini ya dawati, pembe moja imechanika.

"Nimeibandua, Mama Samiha. Ya Rahimu tutaibandua wakati wa kutoka. Ukiziunganisha itakuwa nzima, halafu uje nayo Alhamisi."

"Utachapwa. Daftari lako liko uchi."

"Wanichape."

Mwamvua aliipokea ile karatasi, akailaza magotini bila kuitazama. Alimtazama msichana. Mikono yake ilikuwa imeipita mikono ya shati la shule kwa upana wa vidole vinne. Alikuwa amesimama amejikunja mabega, kama wafanyavyo wasichana wanaoona haya kwa kurefuka. Wiki tatu tu, na alikuwa ameongezeka tena.

"Chiku!" Mwalimu Mkuu aliita kutoka ndani. Msichana akageuka kwenda.

"Ngoja," alisema Mwamvua, kwa sauti ndogo mno, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. "Simama wima kidogo, mwanangu, nione umefika wapi."